Nimetumia nadharia nne, nikaambiwa sijachambua: jibu kwa mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa

*"Shikamoo mwalimu. Ninasoma uhusiano wa kimataifa, mwaka wa kwanza. Muhula huu tumefundishwa uhalisia, uliberali, ukonstruktivisti na nadharia ya utegemezi. Tuliambiwa nadharia ni kama miwani, ukibadilisha miwani unaona dunia nyingine. Insha yetu ya kwanza ilitutaka tueleze kwa nini Urusi iliivamia Ukraine mwaka 2022. Niliandika aya moja kwa kila nadharia, nikamalizia kwa kusema zote zina ukweli wake. Nimepata alama za chini na maoni ya mstari mmoja: 'Umeorodhesha, hujachambua.' Mwenzangu wa chumbani ameamua kuwa mhalisia moja kwa moja, anasema hizo nyingine ni ndoto. Je, ni lazima nichague upande? Ipi ndiyo sahihi? Na kuna jambo lingine linanisumbua: karibu majina yote tunayokariri ni ya watu wa Ulaya na Marekani. Hivi nadharia zao zinatuhusu kweli sisi wa nchi ndogo?"*

Marahaba. Barua yako ina mambo mawili yaliyoshikana, na ni vizuri tuyatenganishe. Moja ni la alama: umejituma, umesoma nadharia nne, halafu mstari mmoja wa maoni umekuacha njia panda. La pili ni zito zaidi. Umeanza kujiuliza kama fani uliyoichagua ina ukweli wowote wa kushika, au ni mkusanyiko wa maoni ambayo kila mtu anaokota linalompendeza. Nitaanza na hilo la pili, maana likieleweka, la alama linakuwa jepesi.

Mfano wa miwani ndio unaokupotosha. Naelewa kwa nini walimu wanaupenda: siku ya kwanza darasani unasaidia kuonyesha kwamba watu wawili wenye akili timamu wanaweza kulitazama tukio moja na kuona mambo tofauti. Lakini miwani haidai chochote. Mtu akivaa ya kijani akasema dunia ni ya kijani, huna cha kumbishia, na wala yeye hana cha kuthibitisha. Nadharia hudai. Inasema kitu fulani husababisha kitu fulani, kwa njia fulani, na kwamba tukichunguza mahali fulani tutakuta dalili fulani. Dai la aina hiyo linaweza kuwa kweli, linaweza kuwa kweli kwa sehemu, na linaweza kuanguka. Ukishaamini kwamba nadharia ni miwani, huna namna ya kumaliza insha isipokuwa kwa kusema zote zina ukweli wake, na ndivyo ulivyofanya.

Kitu kingine ambacho mfano huo unakificha ni kwamba nadharia hizi nne hazijibu swali moja. Kila moja ilizaliwa na swali lake. Insha yako ilizilazimisha zote zijibu swali ambalo baadhi yao hazikuwahi kujiuliza, ndiyo maana zikaonekana zinapingana hata pale zinapopishana tu.

Tuanze na uhalisia, kwa kuwa mwenzako ameuhamia. Msingi wake ni kwamba juu ya dola, yaani nchi huru zenye serikali zao, hakuna serikali nyingine. Ndani ya nchi, mtu akidhulumiwa anaweza kwenda polisi na mahakamani. Dola ikivamiwa haina polisi wa kupigia simu. Hali hiyo inaitwa anakia, na wanafunzi wengi huteleza hapa kwa kudhani maana yake ni vurugu. Siku nyingi dola zinafanya biashara, zinapokea mabalozi na kuruhusu ndege za wenzao kupita angani, kwa utulivu kabisa, ndani ya anakia hiyo hiyo. Neno hilo linataja jambo moja tu: kukosekana kwa mamlaka ya juu yenye uwezo wa kulazimisha.

Lakini kukosekana huko kuna matokeo yake. Nchi ikiongeza silaha kwa nia safi ya kujilinda, jirani yake hawezi kuingia moyoni mwake akaiona nia hiyo. Anachokiona ni vifaru. Naye anaongeza vyake. Wa kwanza anaona hofu yake ilikuwa ya kweli, anaongeza tena, na mwisho wote wawili wana silaha nyingi zaidi na usalama mdogo kuliko walipoanza. Huu ndio mtanziko wa usalama, ambao msomi John Herz aliueleza mwaka 1950. Kati ya yote utakayofundishwa mwaka huu, mimi naliona hili kuwa wazo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linaonyesha jinsi vita vinavyoweza kukaribia bila kuhitaji mtu mwovu hata mmoja.

Na hapa niseme jambo ambalo naomba ulishike hata ukisahau mengine yote: kueleza si kuhalalisha. Watu wengi wanaosema "mimi ni mhalisia" wanamaanisha kwamba mwenye nguvu ana haki ya kufanya atakalo. Hiyo ni imani ya kimaadili, na uhalisia haujaithibitisha. Tazama wahalisia wenyewe. Hans Morgenthau, mmoja wa waasisi wa nadharia hiyo baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alikuwa mpinzani wa wazi wa vita vya Marekani nchini Vietnam. Septemba 2002, wasomi 33 wa masuala ya usalama, wakiwemo wahalisia Kenneth Waltz na John Mearsheimer, walitoa tangazo katika gazeti la New York Times kupinga vita dhidi ya Iraki vilivyokuwa vinaandaliwa. Hoja yao ilikuwa kwamba vita hivyo havina manufaa kwa usalama wa Marekani yenyewe. Mwambie mwenzako kwamba mhalisia makini mara nyingi ndiye anayesema "tusiende".

Sasa tuipeleke nadharia hiyo Ukraine. Hoja maarufu ya kihalisia, ambayo Mearsheimer aliitoa mwaka 2014 baada ya Urusi kuitwaa Crimea, rasi ya Ukraine, inasema hivi: dola kubwa haivumilii muungano wa kijeshi wa wapinzani wake kusogea mpakani. Aprili 2008, katika mkutano wa Bucharest, Jumuiya ya Kujihami ya NATO ilitangaza kwamba Ukraine na Georgia zitakuja kuwa wanachama. Kwa hoja hiyo, yaliyofuata ni Urusi kujibu tishio. Aya yako ya uhalisia bila shaka ilisema karibu haya, ikaishia hapo. Uchambuzi ungeanzia hapo.

Jiulize: ikiwa dai hili ni kweli, tungetarajia kuona nini kingine? Tungetarajia Urusi ijibu kwa ukali wa namna hiyo kila NATO inapofika mpakani mwake. Estonia na Latvia, zote zikipakana na Urusi, ziliingia NATO mwaka 2004. Urusi ililalamika, haikuvamia. Finland iliingia tarehe 4 Aprili 2023, na ina mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Urusi. Urusi ilitoa maonyo na kupanga upya wilaya zake za kijeshi, lakini haikupeleka jeshi kuvuka mpaka huo. Kwa hiyo "NATO ilisogea mpakani" peke yake haitoshi kueleza kwa nini Ukraine na si Finland.

Mhalisia hatanyamaza, na insha nzuri humpa nafasi ajibu. Atasema mwaka 2004 Urusi ilikuwa dhaifu. Atasema mwaka 2023 jeshi lake lilikuwa limeshakwama Ukraine. Atasema Ukraine, kwa ukubwa wake na kwa mahali ilipo katika Bahari Nyeusi, ina uzito ambao Estonia haina. Majibu hayo yana uzito. Ila angalia yamefanya nini: yameleta sababu mpya ambazo hazikuwemo katika dai la kwanza, na sasa kazi yako ni kupima kama zinaiboresha nadharia au zinaikinga isiguswe na ushahidi. Ukifika hapo umeshaacha kuorodhesha.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu Waltz ambalo vitabu vya utangulizi hulipita haraka. Nadharia aliyoitoa mwaka 1979 inahusu mfumo mzima wa dola: kwa nini dola kubwa huelekea kusawazishana nguvu, kwa nini hali hiyo hujirudia karne baada ya karne. Yeye mwenyewe alisisitiza kwamba hiyo si nadharia ya sera ya nje ya nchi moja moja. Kuiuliza kwa nini kiongozi fulani aliamua kuvamia mwezi fulani ni kuidai jibu ambalo mwenyewe hakuahidi.

Uliberali nao umepakwa sifa isiyo yake. Mwenzako anauita ndoto kwa sababu amesikia kwamba waliberali wanaamini binadamu ni wema. Robert Keohane, ambaye mwaka 1984 aliandika utetezi wake maarufu wa taasisi za kimataifa, alianza kwa kukubali kwamba dola zina ubinafsi na kwamba anakia ipo. Swali lake lilikuwa: kwa nini basi zinashirikiana kiasi kile? Akajibu kwamba taasisi hupunguza gharama ya kukubaliana, hutoa taarifa za nani anatimiza ahadi na nani anadanganya, na hufanya sifa ya nchi iwe na thamani kwa kuwa watakutana tena kesho. Hakuna mahali anapohitaji malaika.

Tawi lingine la uliberali linatazama biashara: nchi zinazotegemeana kiuchumi zina mengi ya kupoteza zikipigana. Mwingereza Norman Angell alilieleza wazo hilo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na tangu mwaka 1914 amekuwa akitajwa kama mtu aliyetabiri kwamba vita haviwezekani. Hakusema hivyo. Alisema vita havina faida hata kwa mshindi, jambo ambalo miaka minne iliyofuata haikulikanusha hata kidogo. Kwa Ukraine, hoja ya biashara ilipata pigo kubwa. Mwaka 2021 zaidi ya nusu ya gesi iliyoagizwa na Ujerumani ilitoka Urusi, na wanasiasa wengi wa Ujerumani waliamini kwa miaka kwamba mabomba hayo yanafunga mikono ya pande zote mbili. Yalifunga mkono wa upande mmoja zaidi ya mwingine. Mwanafunzi anayetumia uliberali lazima alikabili jambo hili waziwazi.

Vilevile kuna Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Tarehe 25 Februari 2022, siku moja baada ya uvamizi, wanachama 11 kati ya 15 waliunga mkono azimio la kuulaani, China, India na Falme za Kiarabu hazikuchagua upande, na Urusi ikaliua kwa kura ya turufu, mwezi huo huo ikiwa ndiyo mwenyekiti wa Baraza. Wengi huliona hili kama kushindwa kwa uliberali. Mimi nakushauri uwe mwangalifu. Kura ya turufu iliwekwa mwaka 1945 makusudi, ili dola kubwa zisijitoe katika Umoja wa Mataifa kama zilivyolikimbia Shirikisho la Mataifa kabla yake. Baraza lilifanya kile lilichoundwa kufanya. Kama muundo huo ni wa haki ni swali jingine, na ni swali zuri.

Pale uliberali unapong'aa ni kwenye yaliyofuata. Julai 2022, wakati mizinga ikiendelea kulia, Urusi na Ukraine zilikubali mpango wa nafaka wa Bahari Nyeusi uliosainiwa Istanbul chini ya Umoja wa Mataifa na Uturuki. Meli zilikaguliwa na maofisa wa pande zote, kila mmoja akaona mwenzake anachobeba, na takriban tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zilitoka kabla Urusi haijajitoa Julai 2023. Maadui wawili, bila kuaminiana, walishirikiana kwa mwaka mzima kwa sababu kulikuwa na utaratibu wa ukaguzi. Ndicho alichokuwa anakisema Keohane. Swali ni tofauti na "kwa nini vita vilianza", na nadharia inajibu vizuri swali lake.

Ukonstruktivisti huwashinda wanafunzi wengi, nadhani kwa sababu hufundishwa mwishoni na kwa haraka. Wanaondoka wakidhani unasema kila kitu ni mawazo tu. Alexander Wendt, msomi maarufu wa nadharia hii, alitoa mfano ambao hautaki maelezo marefu: kwa Marekani, silaha 500 za nyuklia za Uingereza hazitishi kama silaha tano za Korea Kaskazini. Silaha ni chuma kweli, hakuna anayekataa. Kinachoamua kama chuma hicho ni tishio ni uhusiano uliojengeka kati ya wenye nacho, nani anamwona nani rafiki, na historia gani imewafikisha hapo. Mhalisia anahesabu silaha. Mkonstruktivisti anauliza ni vipi tulifika mahali pa kuzihesabu za huyu na kutozihesabu za yule.

Rudi sasa kwenye fumbo letu la Finland. Julai 2021, miezi saba kabla ya uvamizi, Vladimir Putin alichapisha makala ndefu akidai kwamba Warusi na Waukraine ni watu wamoja. Hakuwahi kuandika ya namna hiyo kuhusu Wafini. Kama Ukraine machoni mwa uongozi wa Urusi ni sehemu iliyomeguka, basi kuiona ikienda Magharibi ni jeraha la utambulisho, na Finland haiwezi kuleta jeraha hilo hata ikiwa na mpaka mrefu zaidi ya huo. Hapa nadharia ya tatu inaeleza pale ambapo ya kwanza ilikwama. Lakini nayo ina deni: wazo hilo la "watu wamoja" ni la miaka mingi, kwa hiyo kwa nini vita vya 2022 na si vya 1995? Ili kujibu wakati, pengine utarudi kwenye nguvu za kijeshi na nafasi zilizoonekana, yaani utarudi kwa mhalisia.

Na hapa ndipo lile swali lako kuhusu nchi ndogo linaponigusa zaidi. Usiku wa tarehe 21 Februari 2022, siku tatu kabla ya uvamizi, balozi wa Kenya katika Umoja wa Mataifa, Martin Kimani, alizungumza mbele ya Baraza la Usalama. Alikumbusha kwamba mipaka ya Afrika ilichorwa katika miji mikuu ya wakoloni bila kujali mataifa ya kale iliyoyagawa, na kwamba kama nchi za Afrika zingeamua kufuata kabila, rangi au dini katika kudai ardhi, zingekuwa bado vitani hadi leo. Alikuwa akirejea uamuzi halisi: Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Somalia na Morocco zilipinga.

Ukitafakari vizuri, huu ni mtihani mgumu kwa uhalisia. Hapa kuna bara lenye dola changa, majeshi ya ukubwa usiolingana na mipaka ambayo karibu kila mtu anakubali haikuwa ya haki. Nadharia inayosema mwenye nguvu huchukua anachoweza ingetarajia ramani ichorwe upya mara nyingi. Vita vya kunyakua ardhi vilikuwepo, vita vya Ogaden, nchini Ethiopia, mwaka 1977 vikiwa mfano mkubwa, na aliyevuka mpaka alikuwa Somalia, nchi iliyokataa uamuzi wa Cairo. Lakini ramani ya Afrika ya leo inafanana sana na ya 1964. Eritrea na Sudan Kusini zilipata uhuru kwa kura za wananchi wake, mwaka 1993 na 2011, baada ya vita virefu, wala hazikumezwa na jirani. Mhalisia atasema dola hizo zilikosa uwezo wa kuteka na kushikilia. Huenda. Mkonstruktivisti atasema kanuni ilishika. Fumbo hili halimo katika insha nyingi zinazoandikwa kuhusu Ulaya, na wewe unaweza kulitumia kupima nadharia zilizoandikwa mbali.

Kwa hiyo, je, zinatuhusu? Zinatuhusu, na tuna haki ya kuzikosoa kwa ushahidi unaotoka kwetu. Historia ya fani yenyewe imepunguzwa. Utafundishwa kwamba uhusiano wa kimataifa ulizaliwa mwaka 1919, pale Aberystwyth, Wales, ilipoanzishwa nafasi ya kwanza ya uprofesa. Mwaka 1915, miaka minne kabla yake, Mmarekani mweusi W. E. B. Du Bois alikwisha kuchapisha makala akisema mizizi ya Vita vya Kwanza vya Dunia iko katika ugombeaji wa Afrika. Hiyo ni nadharia kamili ya chanzo cha vita, na kwa miongo mingi vitabu vya utangulizi havikumtaja.

Nadharia ya utegemezi imesimama kwenye njia hiyo. Haiulizi sana nani alianza vita. Inauliza muundo wa uchumi wa dunia unamfanya nani alipe. Urusi na Ukraine kwa pamoja zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayouzwa nje duniani, na vita vilipoanza, nchi zilizokuwa zinaagiza chakula, mbolea na mafuta ziliumia ingawa hazikuwa na kura katika chanzo chake. Ukiitumia kueleza kwa nini vifaru vilivuka mpaka, itakupa aya dhaifu. Ukiitumia kueleza kwa nini gharama zilitua pale zilipotua, utaandika insha yenye mwili.

Sasa, ni lazima uchague upande? Hapana, ila hakuna njia isiyo na gharama. Mtu anayeshika nadharia moja kwa miaka hujifunza kuisukuma hadi mwisho, huona mambo ambayo wengine hawayaoni, na hoja zake huwa safi. Hatari yake ni kuanza kuulinda msimamo badala ya kuupima. Anayechanganya nadharia anakaribia zaidi jinsi matukio yalivyo, lakini akikosa nidhamu anaishia kusema kila kitu kilichangia, maneno yasiyoweza kukosolewa na yasiyofundisha kitu. Ushauri wangu kwa mwaka wa kwanza: usijiite jina lolote. Chukua nadharia moja kwa kila insha, ipe mpinzani mmoja, na kila moja uipe kazi yake mahususi.

Kwa insha hii, kosa lilianzia kwenye swali. "Kwa nini Urusi iliivamia Ukraine" ni swali kubwa mno kwa kurasa chache, na hata kama ndilo ulilopewa, una ruhusa ya kulibana ndani ya aya ya kwanza. Kwa mfano: kwa nini Ukraine mwaka 2022 na si Finland mwaka 2023? Au: tarehe 2 Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipolaani uvamizi kwa kura 141 dhidi ya tano, kwa nini karibu nusu ya nchi za Afrika hazikupiga kura ya ndiyo? Swali la namna hiyo lina mambo mawili yanayotofautiana, na tofauti hiyo ndiyo inayokulazimisha kutafuta sababu. Kisha amua unatafuta sababu katika ngazi ipi. Waltz alizitenganisha mwaka 1959: mtu binafsi anayeamua, dola na siasa zake za ndani, au mfumo wa dola zote. Insha nyingi za mwaka wa kwanza huruka kutoka tabia ya kiongozi kwenda mizania ya nguvu ndani ya sentensi moja, na msomaji hajui tena anashawishiwa nini. Baada ya hapo andika waziwazi nadharia yako inatarajia nini na isingetarajia nini. Tazama ushahidi. Mpe mpinzani nafasi. Sema nani ametoka akiwa imara zaidi, na kwa kiasi gani. Hitimisho linaweza kuwa la tahadhari, lakini lazima lichague.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi kama hili haliwezi kukufanyia. Sijaisoma insha yako, wala sijui kipimo cha usahihishaji cha kozi yenu. Walimu wengine wanataka nadharia moja kwa kina, wengine wanataka ulinganisho. Mwone mhadhiri ana kwa ana wiki hii kabla insha ya pili haijatolewa. Usiende kulalamikia alama. Peleka insha yenyewe, pamoja na aya moja uliyoiandika upya kwa njia niliyoeleza, na umuulize kama huo ndio uchambuzi alioukusudia. Ukiona baada ya hapo bado makala za kozi zinakupita, hasa zile za Waltz na Wendt ambazo ni ngumu kwa kila anayezisoma mara ya kwanza, tafuta kikundi cha kusoma na mkubaliane kila mtu aeleze dai la makala moja kwa sentensi mbili bila kutazama kitabu.

Na iwapo wewe au ndugu zako mmewahi kuguswa na vita, ujue kwamba kusoma vifo vikielezwa kama mizania na mfumo kunaweza kuumiza kuliko unavyotarajia. Hilo halikufanyi kuwa mwanafunzi dhaifu. Likikuzidia, likikunyima usingizi au likikufanya ukwepe vipindi, usilibebe peke yako: zungumza na mshauri wa wanafunzi chuoni, na mweleze mhadhiri mapema ili, ikiwezekana, akupe tukio jingine la kuandikia.